Nuru na Aliyeibeba
Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na majirani, Bariadi



Tumeombwa tueleze jinsi vijana wetu wanavyochora picha kwa nuru.

Usiku wa Diwali hauna mwezi, na giza lake ndilo linaloifaa kazi hii. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike, na shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga, huachwa wazi kwa sekunde 20 au 30. Katika muda huo kijana aliyevaa nguo nyeusi hutembea akiielekeza tochi kwenye lenzi, na kila ilipopita tochi hubaki mstari wa nuru. Akitaka kuandika alama ya Om huku ameikabili kamera, hana budi kuiandika kinyume, kama maandishi ya kwenye kioo. Taa zetu za udongo, zenye tambi za pamba, zao linalojulikana sana hapa Simiyu, hutokea kama nukta tulivu.

Wapo wanaouliza kama picha hizo ni za uongo. Sivyo. Kila mstari ulipita kweli mbele ya lenzi. Hata hivyo zina upungufu mmoja: ukuta uliosimama huonekana, lakini mtu aliyetembea na nuru hafahamiki kabisa.

Mwaka 1949, huko Vallauris, Ufaransa, mpiga picha Gjon Mili alimpiga Picasso akichora hewani kwa taa ndogo ya umeme. Mili alitumia pia flashi, na kwa sababu hiyo tunauona mchoro pamoja na mchoraji mwenyewe.

Nasi twaomba vivyo hivyo. Hekalu hili limebebwa na wengi wasioonekana katika picha za sherehe: wanaopika prasad, wanaofagia ua, wanaolinda lango usiku, na majirani zetu Wasukuma wanaoshirikiana nasi katika furaha na misiba. Basi, katika kila picha ya mwaka huu, kabla shata haijafungwa, mbeba taa na asimame tuli, amulikwe walau sekunde mbili. Kisha jina lake liandikwe chini ya picha, ili wajukuu wetu wasiishie kuistaajabia nuru bila kumjua aliyeibeba.