Tusiseme tena "ni uzee tu"

Maongezi mbele ya mkutano wa wamemba, Baraka



Leo tuongee juu ya wazee wetu. Mzee akianza kubaki kitandani, akikataa chakula, watu wa nyumbani wanasema: "Ah, huyo ni uzee tu." Hilo neno linafunga mlango mbele ya kuuliza ana nini.

Wazee wetu walikimbia vita ya 1996, wakavuka ziwa. Kule Lugufu na Nyarugusu nyumba zilikuwa karibu karibu: jirani akikohoa, unasikia. Wamerudi Fizi, lakini watoto wengine wamebaki Tanzania, wengine wako Marekani. Shamba liko mbali, miguu inauma, mzee anashinda peke yake. Ukimuuliza habari, anakujibu: "Niko tu."

Watafiti wameangalia mambo haya. Mwaka 2010, watafiti walikusanya tafiti 148, za watu zaidi ya 300.000. Walikuta kwamba wenye kuishi vizuri na watu wengine wana bahati zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50 hivi, kuliko wapweke. Kwa hiyo upweke si huzuni tu, unagusa mpaka mwili.

Na mwili nao unaweza kusaidiwa. Huko Marekani walifuata wazee 1.635, wa miaka 70 mpaka 89, ambao miguu yao ilikuwa imeanza kuwa zaifu. Kundi moja lilipata mafundisho ya afya, lingine lilifanya mazoezi na kutembea. Matokeo yalitoka 2014: kisha miaka miwili na nusu hivi, wale wa kutembea walioshindwa mwendo wa metre 400 walikuwa wachache kuliko wale wengine. Kumbe hata mguu wa miaka 80 unaweza kupata nguvu.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linatoa vipimo vyepesi, havitaki mashini. Kimoja: mzee asimame toka kwenye kiti mara tano, bila kujisaidia na mikono, ndani ya segonde 14. Kisha maswali mawili: hizi juma mbili, umekuwa na huzuni ao kukosa tumaini? Mambo uliyokuwa unapenda, yangali yanakufurahisha? Akishindwa kusimama, ao majibu yakiwa mabaya, tumpeleke kituo cha afya.

Nani atauliza? Wazee wenyewe wanaweza. Zimbabwe, toka 2006, daktari Dixon Chibanda alifundisha mabibi kukaa kwenye benchi inje ya kliniki na kusikiliza wenye mawazo mengi. Utafiti wa 2016 ulionyesha huzuni ya watu ilipungua. Na mabibi hao hawakuwa waganga.

Sasa kesi yetu. Mtu akifa, tunachanga siku ile ile: sanduku, chakula, kilio. Ni vizuri, tusiache. Lakini akiwa hai na anashindwa kusimama, hatuna hata franga ya motari ya kumfikisha kwa muganga.

Naomba mambo mawili. Kila kartiye itoe wageni wawili, kijana mmoja na mzee mmoja, watembelee wazee kila juma na kutembea nao kidogo. Tena, sehemu ya mchango wetu ilipe motari na fishi ya kituo. Wafadhili, hatuwaombi jengo: mtusaidie na fimbo, miwani na ile fishi.

Karatasi iko kwa sekreteri. Tusitawanyike mbele ya kuandika majina.