Kikapu cha Viazi Mlangoni



Nimeombwa nieleze mwaka mmoja wa kikundi chetu cha wasaidizi wa parokia huku Uwemba, katika Jimbo la Njombe lililomegwa kutoka Peramiho mwaka 1968.

Baada ya Pasaka tulicheza mpira, wazee kwa vijana; wazee tulifungwa. Mwezi Juni, baridi ilipokaza, tuliota moto jioni, tukala njegere, kwaya ikatuimbia. Mahindi yalipoingia ghalani tukafanya sherehe ya mavuno. Noeli tulikula na watoto wote wa kijiji.

Sasa niungame kosa langu. Kiingilio cha sherehe ya mavuno nilikipendekeza mimi, na fedha zilipatikana. Lakini nilipotoka nje nilimkuta mama mmoja mjane amesimama na kikapu cha viazi. Akaniuliza, “Mwanangu, hivi haviwezi kuniingiza?” Nilikosa jibu. Mama yule ndiye hufagia kanisa kila Jumamosi.

Kiingilio tumekifuta. Sasa kila mtu huleta alicho nacho. Mfuko umepungua kidogo, ila watu wameongezeka, na paa lilipovuja hatukutafuta mafundi mbali.

Ndugu zangu, wako wenzetu ambao leo hawakuja kwa kuogopa mchango wetu. Mwakani tuwafuate majumbani, waje hata na kikapu cha viazi.