Divai Nyekundu ya Bordeaux na Miaka Yake



Katika nchi ya Ufaransa, shamba moja hutoa divai inayosifiwa miaka hamsini, na mwaka unaofuata mizabibu ile ile ikatoa divai isiyokumbukwa na mtu. Najua kwamba wengi wenu hamnywi divai, na wengine dini imewakataza; haidhuru, kwani habari yenyewe ni ya mvua, jua na baridi, mambo ayajuayo kila mkulima.

Twende Pauillac, kaskazini ya mji wa Bordeaux, kando ya mto Gironde, penye shamba liitwalo Mouton Rothschild. Ardhi yake ni ya changarawe, na mizabibu yake mingi ni ya aina ya Cabernet Sauvignon, ambayo zabibu zake ni ndogo, zenye ganda nene. Katika ganda hilo ndimo hutoka rangi ya divai na ule ukakasi ukazao ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi ndio huilinda divai isiharibike upesi.

Mwanzo wa Mei 1945, baridi igandishayo umande iliunguza machipukizi. Kisha likaja jua kali na ukame. Vichala vilivyosalia vilikuwa vichache mno, lakini divai yake ilikuwa nzito, ikahitaji miaka mingi chupani hata ukali wake ukapoa. Chupa zake zilitiwa herufi V, alama ya ushindi wa vita. Mwaka wa 1961 mambo yalikuwa karibu na hayo: maua yalipukutika, mavuno yakapungua, na divai ikawa bora sana. Basi watu wakazoea kudhani kwamba divai kubwa haipatikani ila kwa hasara ya mkulima. Mnywaji husifu, naye mwenye shamba huhesabu mapipa matupu!

Ndipo ulipokuja mwaka wa 1982. Maua yalishika vema, Septemba ikawa na joto, na zabibu zikajaa. Divai ilikuwa laini tangu ujana wake, hata wajuzi wengine wakasema haitadumu. Mmarekani mmoja, Robert Parker, aliisifu bila kusita, na miaka mingi iliyopita tangu hapo imempa haki. Kwangu mimi, mwaka huo una maana kuliko ile miwili, kwa kuwa ulionyesha kwamba wingi na uzuri huweza kukaa pamoja.

Mwenye kuzilinganisha divai hizo na aangalie pia umri wake. Divai changa ina wekundu wa zambarau. Ikizeeka, ukingo wake huelekea rangi ya tofali. Kuihukumu ya 1945 ilipokuwa na miaka mitano ni kuipunja.

Mwaka wa 1963 mvua zilizidi, zabibu zikaoza. Watu wa Bordeaux walikuwa wamepogoa na kulima vile vile kama mwaka wa 1961, na divai yao ikawa nyepesi, ya kunywewa mapema.