Dawa ya Kuyeyusha Damu Iliyoganda Mguuni: Mwambie Daktari Kila Kitu



Mguu ukianza kuuma ghafla, ukawa baridi, ukapauka na kufa ganzi, huenda ateri inayoupelekea damu imezibwa na bonge la damu. Hiyo ni dharura. Misuli inaweza kuanza kufa baada ya saa 6 hivi. Mgonjwa asikandwe wala kuwekewa maji moto. Apelekwe hospitalini mara moja.

Njia kuu za matibabu ni mbili: upasuaji wa kuliondoa bonge, au dawa ya kuliyeyusha. Dawa hiyo hupitishwa polepole katika mrija mwembamba, ambao mara nyingi huingizwa kinenani, hadi lilipo bonge. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi.

Hatari yake ni kwamba dawa haichagui. Inayeyusha bonge lililoziba mguu, na pia damu iliyoganda kufunga kidonda cha tumbo au mshipa dhaifu wa ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998, uliohusisha wagonjwa 544 wa Amerika Kaskazini na Ulaya, ulionyesha kwamba asilimia 12.5 ya waliopewa dawa walivuja damu nyingi, dhidi ya asilimia 5.5 ya waliopasuliwa. Wanne kati ya waliopewa dawa walivuja damu kichwani, na mmoja akafariki. Hata hivyo, idadi ya waliokuwa hai na mguu wao baada ya miezi 6 ilikaribiana katika makundi yote mawili.

Ndiyo maana, kabla ya kutia sahihi, mgonjwa au jamaa yake amweleze daktari kama mgonjwa:

- amewahi kupata kiharusi, au ameumia kichwa karibuni;
- amefanyiwa upasuaji wiki chache zilizopita;
- ana vidonda vya tumbo, au amepata choo cheusi kama lami;
- ana shinikizo la damu lisilodhibitiwa;
- ni mjamzito;
- anatumia aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za kienyeji.

Wakati wa matibabu, muuguzi aitwe upesi mgonjwa akiumwa sana na kichwa, akianza kuchanganyikiwa, akikojoa damu, au kinena kikivimba.

Kuficha historia ya ugonjwa kunaweza kuokoa mguu na kupoteza uhai.