Nyoka Asiyekula: Mazungumzo ya Elimu kwa Wakazi wa Kitengela na Kajiado



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hulicheka kwanza, kisha wakaliulizia kwa sauti ya chini: nyoka anayewekwa ndani ya nyumba na ambaye amekataa kula.

Chukua mfano wa kijana aliyepanga chumba katika ploti moja Kitengela. Mafundi wanachimba msingi kiwanja cha pili, wanamfukua nyoka mdogo mweusi. Wanataka kumuua. Kijana anamhurumia, anamtia ndani ya ndoo na kutoboa kifuniko. Ameona kwenye simu watu wa Marekani na Ulaya wakifuga nyoka wa rangi ya chungwa, wapole, wanaozungushwa mkononi kama mkufu, naye anaamini wake atafugika vivyo hivyo. Anampa kipande cha nyama, hakiguswi. Anampa yai, kisha maziwa, kisha panzi. Wiki ya kwanza inapita, ya tatu, ya saba. Nyoka yuko hai lakini hali kitu. Sasa kila jioni kijana anafungua ndoo, anamshika na kujaribu kumfungua mdomo amlishe kwa nguvu.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa nyoka na kwa kijana mwenyewe.

Nyoka anayeonekana kwenye simu

Nyoka yule wa rangi ya chungwa na madoa mekundu huitwa kwa Kiingereza nyoka wa mahindi. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, ambako aliwahi kujulikana kwa kuingia kwenye maghala ya mahindi kuwinda panya. Hana sumu. Amezalishwa kwenye mikono ya watu kwa vizazi vingi, na ndiyo maana hutulia anaposhikwa. Si nyoka wa Kenya.

Hata huyo mpole hukataa kula, na wanaomfuga hupata wasiwasi uleule wa kijana wa Kitengela. Nyoka mkubwa wa aina hiyo hupewa panya mmoja kila wiki moja au mbili. Akiwa na afya na mwili wa kutosha, anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kula na asidhurike. Mtoto wa nyoka hana akiba hiyo, kwa hiyo wiki chache tu humdhoofisha.

Sababu za nyoka kususia chakula

Mtu, ng'ombe na kuku hula kila siku kwa sababu miili yao huchoma chakula ili kutengeneza joto. Nyoka hatengenezi joto lake. Hulipata juani, kwenye jiwe au kwenye udongo. Kwa hiyo matumizi yake ni madogo, kama jiko la makaa lililofunikwa jivu.

Mwaka 2007, mtafiti wa Marekani Marshall McCue alichapisha matokeo ya uchunguzi wa nyoka 62 wa aina tatu, mmojawapo akiwa jamaa wa karibu wa nyoka wa mahindi. Nyoka hao walikaa takriban miezi sita bila chakula. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nguvu mwilini kwa hadi asilimia 72. La kushangaza zaidi, waliendelea kurefuka huku wakipungua uzito.

Zipo sababu tano kubwa zinazomfanya nyoka wa kufugwa kususia chakula.

Ya kwanza ni baridi. Bila joto la kutosha, tumbo la nyoka halisagi chakula. Akimeza panya huku amepoa, panya huozea tumboni, naye humtapika. Nyoka wa mahindi huhitaji upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 28 hadi 30, na upande wa pili uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Kajiado ina miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ambapo sakafu ya saruji Kitengela au Ngong hubaki baridi mchana kutwa. Nyoka aliye ndani ya ndoo juu ya sakafu hiyo hana mahali pa kuota jua.

Ya pili ni kujivua gamba. Siku chache kabla ya kujivua, macho ya nyoka huwa na ukungu wa rangi ya samawati. Haoni vizuri, na wengi wao hawali hadi gamba litoke.

Ya tatu ni uzazi. Dume hutafuta jike na kusahau chakula. Jike mwenye mayai naye hukosa hamu. Chatu jike wa Afrika hujizungusha juu ya mayai yake na kuyalinda miezi miwili au zaidi bila kuwinda.

Ya nne ni hofu. Nyoka aliyehamishwa, anayeshikwashikwa, au asiye na mahali pa kujificha huona yuko katika hatari. Kiumbe anayedhani ataliwa hafikirii kula.

Ya tano ni maradhi: vidonda vya mdomo, kikohozi na makamasi, minyoo, au papasi wadogo waliojificha chini ya magamba.

Kuna pia kosa la kawaida kuliko yote, nalo ni chakula kisicho chake. Nyoka hali ugali, mboga wala kipande cha nyama ya ng'ombe. Kila aina ina windo lake: panya, chura, mjusi, ndege, mayai, na wapo wanaokula nyoka wenzao. Asiyejua aina ya nyoka aliye naye hawezi kujua cha kumpa.

Kuhusu maziwa, wazee wa Kimaasai wana la kusimulia. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wamaasai kilichotoka mwaka 1905, aliandika kwamba roho ya mganga mkuu au ya mtu tajiri iliaminiwa kugeuka nyoka na kurudi kuwaangalia watoto wake. Mama akimwona nyoka wa namna hiyo nyumbani alimwaga maziwa chini ayalambe, kisha nyoka akaenda zake. Maziwa si chakula cha nyoka. Lakini katika desturi hiyo kuna busara moja: hakushikwa wala hakufungiwa. Aliachiwa njia akaondoka.

Anayemiliki nyoka kihalali afanye nini

Mtu mwenye kibali na nyoka asiye na sumu aanze kwa kutazama kabla ya kulisha. Apime joto la kizimba. Aweke maji safi kila siku, maana nyoka huvumilia njaa kuliko kiu. Aweke mahali pa kujificha pande zote mbili. Akishampa windo akakataa, amwondolee na kusubiri siku tano hadi saba kabla ya kujaribu tena. Asimshikeshike katika siku hizo.

Asimwache panya hai usiku kucha na nyoka asiyekula. Panya mwenye njaa humng'ata nyoka hadi kwenye mfupa.

Ampime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na kuandika. Uzito ukishuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, au uti wa mgongo ukaanza kuonekana, au mdomo ukatoa usaha, huo si wakati wa kusubiri tena. Apelekwe kwa daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa nyoka. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya mtaalamu peke yake, kwa kuwa huweza kumvunja taya au kumjaza chakula kwenye njia ya hewa.

Ndoo ya kijana ina nini?

Ushauri huo wote haumhusu kijana wa Kitengela, kwa sababu moja: hajui amemshika nani.

Nyoka wadogo weusi au wa kahawia wanaofukuliwa kwenye udongo hufanana sana. Wapo wasio na sumu wanaokula panya na kumsaidia mkulima. Wapo pia wale wa chini ya ardhi, wembamba, wenye kichwa kidogo kisichoonekana kutengana na shingo, na ambao meno yao ya sumu hutokea pembeni mwa mdomo hata ukiwa umefungwa. Nyoka huyo hashikiki kwa usalama nyuma ya kichwa. Hupinda shingo na kuchoma kidole kilichomshika. Maumivu ni makali, kidole huweza kuoza, na dawa za kupambana na sumu ya nyoka zinazotumika hospitalini hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Tena, njaa haimfanyi nyoka kuwa mpole. Sumu haiishi kwa sababu tumbo ni tupu. Nyoka wa wiki saba bila chakula ana uwezo wa kung'ata kama alivyokuwa siku ya kwanza.

Sheria nayo iko wazi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, nyoka wa porini ni mnyamapori kama swala na simba. Hakuna anayeruhusiwa kumweka nyumbani bila kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nyoka wa kigeni naye haingizwi nchini bila idhini. Tena asiachiliwe porini mwenye naye akimchoka: nyoka wa mahindi waliopelekwa katika visiwa vya Karibi, kama vile Grand Cayman, wamezaana huko na kula ndege na mijusi wa kisiwa.

Kijana afunge kifuniko vizuri, aache kumshika nyoka, aweke ndoo mahali ambapo watoto hawafiki, kisha atoe taarifa kwa KWS au kwa ofisi ya chifu. Asimbebe kwenye matatu wala bodaboda. Anayetaka kuwajua nyoka ana njia halali ya kujifunza: Bustani ya Nyoka katika Makumbusho ya Nairobi iko wazi kwa umma tangu mwaka 1961, na wahudumu wake huwajua nyoka wa Kenya kwa majina.

Somo kwa kila boma

Hata asiyetaka kumwona nyoka ana la kuchukua hapa. Moma, yule mnene mwenye mistari kama mishale mgongoni, huwinda kwa kulala kimya akisubiri. Kwa kuwa anaweza kukaa muda mrefu bila kula, hana haraka. Anaweza kulala pembeni mwa njia ileile siku nyingi akingoja panya mmoja. Mtu asiseme, "Hajaonekana wiki mbili, bila shaka ameondoka."

Dawa yake ni kumwondolea sababu ya kungoja. Mahindi na chakula cha mifugo vihifadhiwe mahali panya hawafiki. Takataka zisirundikwe nyuma ya ploti. Kuni, mawe na mabati ya zamani yakae mbali na mlango. Nyasi zifyekwe, na usiku mtu atembee na tochi na viatu vilivyofunika mguu.

Mtu akiumwa na nyoka, alazwe na kutulizwa. Shanga, bangili, pete na viatu vivuliwe upesi kabla mwili haujavimba. Mguu au mkono ulioumwa ufungiwe kijiti ili usisogee. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kubana damu, asiwekewe jiwe jeusi, asipewe maziwa wala pombe. Swila akitema machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi. Kisha safari ya hospitali ianze mara moja. Nyoka asifukuzwe ili apelekwe daktari amwone; maelezo ya rangi na ukubwa yanatosha.

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wafugaji, wakulima na watoto wa mashambani, watu kama wa Isinya, Loitokitok na Magadi.

Kwa hiyo, aliye na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa chini ya kitanda asisubiri wiki ya nane. Nyoka aliyekataa kula anahitaji joto, utulivu na mtu anayemjua, na hayo hayamo ndani ya ndoo.