Hati za Kuvukia Mpaka
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Busisi)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari za nchi jirani. Sitawachosha.

Tuliotoka Mwanza tumepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha. Lakini ukiifuata barabara hii kupita Geita utafika Rusumo au Mutukula, na huko asiye na hati havuki.

Tukumbuke tulikotoka. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Wenzetu wa Tarime wenye ndugu ng'ambo ya pili wanaukumbuka uchungu ule. Jumuiya ya sasa ilitokana na mkataba wa 1999, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Hapo ndipo wengi wanapodhani kwamba soko la pamoja maana yake ni mlango usio na bawabu.

Sivyo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Basi kijana wetu anayekwenda Kampala kutafuta bidhaa, hata akiwa na kitambulisho cha NIDA mfukoni, anatakiwa awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa mipakani.

Asiye na hati hushawishika kupita njia za panya. Huko akikamatwa si mfanyabiashara tena, ni mhamiaji haramu. Akidhulumiwa anaogopa kushitaki. Akifa, hajulikani ni wa nani. Tena msiba haupigi hodi. Habari ya kifo ikitoka Kisumu usiku, si wakati wa kuanza kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Ndugu zangu, ombi langu ni moja. Kila mmoja wetu amshike mkono kijana mmoja wa kijijini kwake: apate cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho, kisha pasipoti. Shuleni tulizisoma nchi hizi katika ramani. Tuwasaidie wadogo zetu wazifikie bila kujificha.