Kibanda Chetu Katika Maonyesho

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jiko la makaa, na tafadhali msidhani kwamba mmefungulia kipindi kingine.

Wengi wenu mnalo jikoni mwenu: bati nje, udongo uliochomwa ndani, nalo limebanwa kiunoni. Lilienea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka hiyo mafundi wa jua kali, wafinyanzi na wataalamu walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand wakalitengeneza lifae sufuria zetu na ugali wetu. Jiko la zamani la bati tupu hupoteza joto ubavuni. Udongo hulizuia joto hilo, na kwa hiyo gunia la makaa huchukua siku nyingi zaidi kwisha.

Basi kikundi chetu cha karakana, akina mama wafinyanzi na vijana wa bati, kililipia kibanda cha siku tatu katika maonyesho ya kilimo. Bati tulilinunua kwa mkopo kutoka mfuko wa akina mama wa kanisa. Tulikata na kukunja bati la majiko 40. Lakini wiki ya kukausha udongo mvua haikukatika, na tanuri lilipofunguliwa, mabakuli 13 yalikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

Kijana mmoja akasema tuupake ufa ule saruji laini yenye majivu. Mnunuzi hataona kitu, naye atapika miezi miwili au mitatu kabla bakuli halijaachana. Wapenzi, msimhukumu upesi. Mama yake ndiye aliyetudhamini kwenye mkopo ule, na kijana alikuwa akimwonea uchungu.

Tulikaa hadi usiku. Mmoja wetu akatukumbusha Yeremia sura ya 18, ambapo mfinyanzi aliona chombo kimeharibika mkononi mwake akakifinyanga upya. Mfinyanzi wetu mmoja, mama asiyesema mengi, akajibu kwamba udongo ule ulikuwa bado mbichi. Akatutaka tusome na sura ya 19, ambapo nabii anavunja chombo kilichokwisha kuchomwa, kisichoweza kutengenezwa tena. Sisi tuliozoea kuhubiri sura ile ya kwanza tulinyamaza. Mtu aliyefinyanga miaka 30 huisoma Biblia kwa vidole vyake.

Likaja shauri jingine, nalo lilionekana la haki kabisa: tuyauze yale 13 kwa nusu bei, tukisema wazi kwamba yana ufa. Karibu sote tulikubali. Ndipo mama yule akauliza, ni nani atakayenunua la nusu bei? Ni yule asiye na uwezo wa kununua jingine likivunjika. Mwenye pesa atachukua zima. Tukamkumbuka Amosi na wale aliowakemea kwa kuwauzia maskini makapi ya ngano. Kusema kweli juu ya ufa kungetuondolea lawama, lakini chakula cha yule maskini kingemwagika vilevile.

Tukaenda na majiko 27. Kijana wetu ndiye aliyesimama mbele ya kibanda, na kazi aliyoifanya siku zote tatu hatukumtuma. Aliwafundisha watu kupima bakuli kabla halijafungwa ndani ya bati: linyanyue kwa ukingo, ligonge kwa kifundo cha kidole. Zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa mlio mfu. Watoto wa shule walipenda mchezo huo mno, hata wakaenda kugonga bidhaa za vibanda vya jirani, vyungu vya maua pia, na wenye vibanda wakaja kutulalamikia. Tuliomba radhi kwa ajili ya watoto. Kwa ajili ya kugonga hatukuomba.

Tuliuza majiko 22. Fedha zililipa kibanda, usafiri na sehemu ya mkopo. Sehemu nyingine ingali deni, na mama wa yule kijana angali mdhamini wake. Mfuko umetuongezea muda hadi mwisho wa Novemba, ingawa hawakukubali kwa furaha wote, wala hatuwalaumu, maana ni akiba yao.

Mabakuli yale 13 tuliyavunja kwa nyundo, tukayasaga, na vumbi lake tumelichanganya na udongo mpya, kwa kuwa udongo wenye vigae vilivyosagwa haupasuki upesi unapokauka. Maganda 13 ya bati yametundikwa ukutani yakingoja. Tanuri litawashwa Jumanne, mvua ikituhurumia, na kijana yule ameomba awe wa kwanza kuyagonga.